Mboga Tu

Melania hakuacha nyama kwa hasira, wala kwa ugonjwa, wala kwa kuota ndoto. Aliiacha Jumatano ya Majivu kama Wakatoliki wenzake wa Ushirombo, ila mwaka ule aliamua Kwaresima yake iwe ya kweli, akaacha na kuku, akaacha na samaki. Siku arobaini zikapita. Pasaka ilipofika watu wakairudia nyama kama mgeni aliyekawia njiani, yeye akaitazama sahani yake akaona hana hamu nayo. Akasema nitakula kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, na sasa ulikuwa ni mwaka wa nne. Ndiyo hivyo tu, hakuna kingine, na anayetaka kisa kikubwa zaidi ya hapo atachoka bure.

Sasa shida ilikuwa ni ule mwaka wa kwanza wenyewe. Pasaka ile ile ambayo Melania aliiacha nyama, duara moja, shimo la wachimbaji wadogo huko karibu na Bulyanhulu, lilitema dhahabu, na yeye alikuwa na karasha lake bovu, mashine ya kusagia mawe, mita chache kutoka hapo. Wachimbaji wakafurika na viroba vya mawe, wote wanataka kusagiwa leo, hakuna wa kungoja kesho. Melania akasaga mawe kutwa, wiki kwa wiki, vumbi mpaka kwenye kope, hadi akajenga nyumba ya vyumba vinne, bati jekundu, sakafu ya vigae. Mwanamke ambaye mume alimkimbia akamwachia deki la redio lililokufa tu! Alistahili kupongezwa.

Lakini machimboni nako kuna hesabu zao. Mtu akifanikiwa, kuna mganga. Mganga akiwepo, kuna masharti. Yule haogi, wanasema ni masharti. Yule analala chini wakati kitanda anacho, masharti hayo. Na Melania je? Melania hali nyama. Basi, kwisha habari yake. Maneno hayo yalipanda bodaboda yakafika Ushirombo kabla yeye mwenyewe hajafika, na yalipofika hayakuishia sokoni, yaliingia mpaka ndani kwa mama yake.

Mama yake, Bi Lusia, si mtu wa kugomba. Ni mama wa kanisa, miaka arobaini kwenye kwaya, na akichukizwa hupunguza maneno. Hakumwambia Melania kitu. Aliacha tu kula chakula chake. Melania akileta mchele, mama anapokea kwa mikono miwili, anasema asante mwanangu, na gari halijapinda kona mchele umeshagawiwa majirani. Melania akipika mwenyewe jikoni kwa mama, mama ana kiungulia, mama amefunga, mama amekula sasa hivi tu. Na ile nyumba ya bati jekundu hajaikanyaga hata siku moja, ingawa kulikuwa na chumba cha upande wa mashariki chenye kitanda kifupi, kilichotengenezwa kwa ajili ya magoti ya mama yanayouma. Miaka mitatu chumba kile kilikuwa kinafagiliwa na hakina mwenyewe. Melania alikuwa akikipita kila asubuhi, na kila asubuhi roho ilikuwa inamuuma.

Ndipo ikaja Jumapili ya kipaimara cha Noela, binti wa mdogo wake, Wiliam. Wiliam alipiga simu wiki nzima kabla. Alisema baada ya misa familia yote itakula pamoja Tulia Choma, pale barabarani, na dada asiwe na wasiwasi, kwa sababu ameshaongea na watu wa pale na kuwaambia kwamba dada yake anakula mboga tu. Melania alifurahi. Wiliam ni muuza spea za pikipiki, mdomo wake haujui breki, lakini moyo anao, na kwa miaka minne hakuna mtu wa familia aliyekuwa amempangia chakula. Akashona na nguo mpya.

Tulia Choma ni mahali pa wala nyama, hata jina lisingekuwepo ungejua. Mbuzi wamening'inia dirishani, moshi unakukuta ukiwa bado barabarani, na ubaoni kumeandikwa mbuzi, ng'ombe, kuku, maini, utumbo, kongoro, na chini kabisa kwa maandishi madogo, soda. Waliketi sita: Bi Lusia kichwani mwa meza na kitenge chake cha sikukuu, Wiliam na mkewe Rhoda, Noela na gauni lake jeupe, mdogo wake Noela aliyekuwa anasinzia, na Melania mkabala na mama yake. Wakanawa mikono. Mhudumu, baba mmoja mrefu aitwaye Theonest, akaleta sinia la mbuzi choma linalotoa mvuke, ndizi, kachumbari na ugali. Kisha akarudi na bakuli kubwa lenye mfuniko, akaliweka mbele ya Melania kwa heshima zote, akafunua.

Ng'ombe. Mchuzi mzito, minofu imejaa mpaka juu, na mfupa wa uroto katikati. Ugali yeye peke yake hakupewa.

Melania akauliza kwa upole hii ni ya nani. Theonest akamjibu kwa upole ule ule kwamba ni yake, oda ilipigwa tangu juzi: kuna mama anakula mboga tu. Wakakaa jikoni wakajadiliana, wakaona labda ni sukari au ni presha, basi wakautoa ugali na kumwongezea mboga. Na walimchagulia mboga nzuri.

Rhoda alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Na kwa kweli Theonest ana kosa gani? Nchi nzima ukiuliza leo mboga nini, unajibiwa nyama. Wiliam mwenyewe alikuwa anajikuna kisogo. Melania akaeleza kwamba maana yake ni mboga za majani, Theonest akasema ah, majani, akaenda, akarudi na kabichi. Kabichi ilikuwa inang'aa. Alipoulizwa imeungwa na nini, alisema kwa fahari kwamba imeungwa na supu ya mbuzi, ili nayo iwe na ladha. Maharage yapo? Yapo, ya kongoro. Hizi ndizi? Zimepakwa mafuta ya mbuzi zisikauke. Ikabaki kachumbari. Melania akavuta kisahani cha kachumbari, akaanza kula vitunguu vyake kimya kimya na tabasamu usoni, maana siku ilikuwa ya Noela na hakutaka kuiharibu.

Angeachwa hapo, yangeisha. Lakini Wiliam alikuwa na jambo lake, na sasa Melania akaelewa kwa nini alichagua Tulia Choma na si nyumbani. Akachagua kwenye sinia la mbuzi kipande cha ini, kizuri, cha ukubwa wa kidole gumba, akakichoma kwa kijiti na kumnyooshea dada yake juu ya meza. Akasema amechoka. Amechoka kusikia maneno sokoni, amechoka kuwajibu wateja wanaomuuliza habari za dada yake. Kama hakuna kitu, basi ale kipande hiki kimoja, hapa, mbele ya mama, na leo leo yeye Wiliam atapakia mizigo ya mama kwenye gari na kuipeleka kwenye nyumba ya bati jekundu. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na si moshi peke yake.

Hata meza za jirani zikapunguza sauti. Melania akamtazama mama yake, akitegemea kuona hasira au aibu, akaona mama anaomba.

"Kula, mwanangu," Bi Lusia alisema. "Kimoja tu, mbele ya macho yangu."

Miaka mitatu mama hakuwa amemwomba kitu chochote. Melania akakipokea kile kijiti. Nisiwadanganye, alitaka kula. Aliona chumba cha mashariki na dirisha lake wazi, aliona kitenge cha mama kimeanikwa kwenye kamba ya uani kwake, na gharama yake ilikuwa ni ini la kidole gumba, la kumeza kama kidonge na kushushia na soda. Akakipeleka mdomoni. Harufu ikamgusa midomo. Hapo ndipo akaona na yatakayofuata: mama anaingia mlangoni kwake akijua kwamba nyumba ilikuwa mbaya na sasa imesafishwa. Na siku yoyote Melania atakapoiacha nyama kwenye sahani, mama anafunga mizigo tena. Angekuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda, na kulikiri kwa kutafuna.

Akakishusha, akakiweka kwenye sahani ya Wiliam.

"Nikila hiki, mama, utakuja kwangu kama unakwenda kwa mtu aliyepona," alisema. "Mimi sijawahi kuumwa. Ile nyumba niliijenga kwa vumbi la mawe. Na ukiniuliza kwa nini sili nyama, nakujibu hapa hapa watu wakisikia: siipendi."

Wiliam akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kwamba ndivyo masharti yalivyo, hayatajwi, mtu huulizwa sababu akasema sipendi. Melania akahisi kitu ambacho hakukitegemea kabisa, nacho kilikuwa njaa. Tangu alfajiri alikuwa hajala ila vile vitunguu. Akasimama, akasema anakwenda jikoni kutafuta chakula. Rhoda alidhani ndiyo anaondoka zake, akamwita wifi, wifi jamani, lakini wifi alishapita mlango wa nyuma.

Uani, nyuma ya jiko la kuchomea, alikuta mwanamke wa kama miaka hamsini ameketi kwenye kigoda, ameupa moto mgongo, anakula. Mbele yake palikuwa na ugali wa muhogo na bakuli la msansa, yale majani ya kunde yanayochemshwa na kuanikwa juani mpaka yawe meusi, kisha yanapikwa upya kwa karanga. Melania alipoiona msansa ile, alisogea karibu. Akamsalimia, shikamoo dada, akauliza kama chakula kile kinauzwa.

Yule mama, Generosa jina lake, akashangaa swali lenyewe. Alisema hicho ni chakula cha wafanyakazi, nani atatoka nyumbani kwake na viatu vya misa aje hotelini kula msansa? Wao wanaokaa na nyama kutwa ndio wanaoijua. Yeye anachoma hapa mwaka wa kumi na moja, moshi umeingia kwenye nywele na kwenye shuka, na tangu alipoanza hajaweza kuipeleka mdomoni. Mchinjaji mwenyewe huja kula hapa kwenye sufuria la Generosa. Kisha akamuuliza Melania, na wewe umekimbia nini huko mbele?

Melania akamweleza. Alipofika kwenye habari ya masharti, Generosa aliliweka tonge chini. Alicheka kwanza bila sauti, halafu kwa sauti, halafu akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema msansa imebaki sufuriani lakini karanga zilizotwangwa zimeisha, zilizokaangwa zipo kwenye kinu bado hazijaguswa, na yeye ana oda ya mbuzi wawili. Kama anataka, kinu hicho hapo.

Basi Melania akakunja mikono ya nguo yake mpya, akashika mchi. Alitwanga karanga zile kwa nguvu zote za miaka mitatu. Vumbi la karanga likampanda kifuani, jasho likamshuka, na kila mchi ulipopiga, moyo ulikuwa unapungua uzito. Akakoroga karanga na maji, akamimina kwenye msansa, akakoleza moto, akatia chumvi. Ilipoanza kutokota na kunukia, hata Theonest aliyekuwa anapita na sinia alisimama kidogo. Melania akaipakua na ugali wa muhogo. Alikuwa anataka kula hapo hapo uani, lakini Generosa akalichukua bakuli mikononi mwake, akamwambia hapana mdogo wangu, tunakwenda mezani.

Walifika mezani nyama ikiwa inapoa. Generosa akapiga goti kidogo kumsalimia Bi Lusia, shikamoo mama, akaweka bakuli, lakini hakuondoka.

"Mama, mimi mwaka wa kumi na moja sijala nyama," alisema. "Ninaishi chumba kimoja cha kupanga, na mvua ikinyesha nahama na godoro kutoka kona hii kwenda kona ile. Kama kuacha nyama ni masharti ya dhahabu, mniulizie huyo mganga, mbona mimi kanisahau?"

Kicheko kilianzia meza ya pili, kikaenda mpaka kwa mbuzi wa dirishani. Theonest aliapa kwamba ni kweli, huyu mama hata mchuzi wa kuku anaukimbia, na jana tu alikuwa analia viatu vimetoboka. Noela akaziba mdomo kwa mikono miwili asicheke mbele ya bibi yake siku ya kipaimara. Wiliam alifungua mdomo kujibu, kisha akakitia mdomoni kile kipande cha ini ili mdomo upate kazi.

Bi Lusia peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama bakuli.

"Nani kaipika?" aliuliza.

Generosa akamjibu kwamba ni binti yake, kwa mikono yake, hapo nyuma, tena amemchafulia kinu.

Melania alijua swali lile lilikuwa na maana gani. Angependa Generosa adanganye. Aliketi kwenye kiti chake, mkabala na mama, karanga bado zimemganda mikononi, akangoja kiungulia, akangoja mama aseme ameshiba. Hakusukuma bakuli wala hakubembeleza. Alimega tonge lake, akachovya, akala, kwa sababu njaa ilikuwa yake. Msansa ilikuwa tamu. Akamega la pili.

Bi Lusia akageuka akamwita Theonest. Akamwambia amletee maji ya kunawa.

Theonest akasema mama si ulishanawa. Bi Lusia akamjibu kwamba alinawa kwa ajili ya chakula kingine. Maji yakaja. Akanawa taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyonawa anapoanza kula na si anapomaliza, na kila aliyemfahamu pale mezani aliacha kutafuna. Akanyoosha mkono juu ya meza, akamega ugali kutoka sahani ya Melania, akachovya kwenye msansa ya Melania, akala. Akafumba macho. Akamega tena. Tonge la tatu alilikunja kubwa zaidi. Melania alikuwa analia waziwazi sasa na hakujali nani anaona, huku naye anaendelea kula, mikono yao inakutana kwenye bakuli.

Alipofika kama tonge la sita, Bi Lusia alijifuta vidole. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa kanisani, akatoa tishu iliyokunjwa, nene, akaifungua mezani mbele ya wote. Ndani yake kulikuwa na nyama. Vipande vya mbuzi wa leo, vimetafunwa nusu na kutemwa, kimoja kimoja, bila mtu kumwona.

"Meno yangu yameikataa mwaka wa pili huu," alisema. "Naitia mdomoni mkiniangalia, mkigeuka naitema. Niliogopa kusema siwezi nyama. Nilijua mtasema na mimi nina masharti. Na nilijua kwa sababu ndicho nilichokuwa nakisema mimi mwenyewe, Melania, juu yako. Nisamehe, ng'wanawane."

Hilo neno la mwisho, mwanangu la nyumbani, la Kisukuma, Melania alikuwa hajaitwa tangu mwaka ule wa Pasaka. Alitaka kujibu kitu kikubwa lakini mdomo ulikuwa umejaa, akaitikia kwa kichwa tu kwamba yameisha. Wiliam aliinamisha uso. Halafu akaivuta ile tishu, akaifunga, akaiondoa mezani yeye mwenyewe ili mama yake asiionee aibu tena, na hapo hapo Melania akamsamehe na yeye.

Bi Lusia akarudi kwenye bakuli. Aliuliza, bila kuinua macho, kama kile chumba cha upande wa mashariki bado kipo au kimeshapata mtu. Melania akasema kipo. Akauliza kama madirisha yana wavu wa mbu. Yana. Akauliza kama uani kuna mahali pa kuanika msansa, kwa sababu hii waliyokula ni nzuri lakini aliyeianika aliitoa juani mapema, na yeye hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo hana pa kuanikia majani yake. Melania akasema uwanja mzima ni wake.

"Basi tukitoka hapa tupitie nyumbani nichukue nguo," alisema Bi Lusia. "Wiliam, ulisema utapakia mizigo leo leo. Maliza nyama yako upesi."